Barabara ya Makao Makuu na Haki ya Mwenda kwa Miguu

Mkulima wa Hombolo atakaye kufika katikati ya mji wa Dodoma hana budi kusafiri kiasi cha kilomita 40. Hushuka hadi Ihumwa, na hapo huikuta barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Akitazama mashariki, ndiko Mtumba, uliko Mji wa Serikali. Akielekea magharibi atapita Nzuguni, penye soko la Ndugai na kituo kikuu cha mabasi, kisha Bunge, kisha Jamatini, jina lililotokana na nyumba ya ibada ya Waismailia, mwisho ataingia mji wa kale, kwenye uwanja wa Nyerere na stesheni ya reli. Kwa mtu ajuaye kuitazama, safari hiyo moja ni kitabu kizima cha historia.

Kitabu hicho husomwa kuanzia mwisho. Kabla ya kuwapo mji, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka Ugogo kwa shida ya maji, na watemi wa Kigogo waliwatoza wasafiri hongo. Siku hizo hongo ulikuwa ushuru uliofahamika, wala haikuwa rushwa. Aliyemiliki kisima ndiye aliyemiliki njia. Mwaka 1907 Wajerumani walianzisha mji huu kwa ajili ya reli yao, na tangu hapo njia ikawa ya mwenye garimoshi. Waingereza nao wakaufanya makao ya jimbo la kati. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, miaka minne tu kabla ya Uhuru.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Hoja haikuwa fahari. Ilikuwa kwamba Serikali ikae katikati ya nchi, karibu na wakulima ambao kwa jina lao inatawala. Kwa sababu hiyo mpango mkuu wa mji, uliotolewa mwaka 1976 kwa msaada wa wataalamu wa Kanada, haukuagiza majumba ya kumtisha raia wala njia pana za kuonyeshea magari. Uliagiza mji wa mitaa iliyounganishwa, ambamo mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli na abiria wa basi wangetangulizwa.

Kazi ilikwenda polepole kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia kwa nguvu mpya. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Tunayafurahia hayo yote. Lakini twauliza: je, barabara hii ni ya nani sasa?

Swali hili si la mzaha. Barabara moja hubeba lori la kwenda nchi jirani, gari la mkubwa anayewahi mkutano, na mama wa Hombolo mwenye kapu la zabibu kichwani. Wa kwanza na wa pili wana injini. Wa tatu ana miguu yake tu, na jua la Ugogo halina huruma. Ikiwa njia itapimwa kwa mwendo wa gari peke yake, mama huyo atageuka mgeni mlangoni pa nyumba iliyojengwa kwa jina lake.

Wapo watakaosema kwamba makao makuu ya taifa hayana budi kuwa na njia pana na za kasi. Ni kweli, na ndiyo maana barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2022. Malori yakipata njia yao huko nje, barabara ya ndani na irudishiwe watu.

Twashauri mambo matatu. Kwanza, miti ya kivuli ipandwe na kutunzwa kandokando ya njia, maana mti uliopandwa pasipo mtu wa kuumwagilia ni kuni za kesho. Pili, pawepo njia ya miguu isiyokatika na vivuko salama, hasa mbele ya soko, Bunge na kituo cha mabasi. Tatu, kila penye historia pawekwe kibao cha Kiswahili chenye kueleza jambo lililotendeka hapo, pamoja na habari za Wagogo waliokuwapo kabla ya reli, ili mtoto wa shule ausome mji wake akiutembea.

Mambo haya hayana gharama ya kushinda ile ya lami. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Asili ya Dodoma kuwa makao makuu ni mkulima. Basi na apite barabarani kwake bila hofu.