Daftari la Wiki: Pale Milima Inapokaribia Kukutana

Kumi na tisa

Alhamisi, saa moja asubuhi, tulitoka kambi ya Bujuku, mita 3,962 juu ya usawa wa bahari. Tulikuwa watu kumi na tisa: wageni sita, viongozi wawili na wapagazi kumi na mmoja. Nawahesabu wote kwa makusudi, na sababu nitaieleza kabla sijalifunga daftari hili.

Mbele yetu palikuwa na kipito cha Scott Elliot, mita 4,372, mwanya ulioko kati ya mlima Stanley na mlima Baker katika safu ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Tangu tulipoanza safari Nyakalengija tulikuwa tumetembea siku tatu, nyingi katika matope. Kutoka Bujuku hadi kipitoni ni kupanda mita 410 tu. Tulifika saa tano.

Neno tunalolihitaji

Kiswahili kina kilele, bonde, genge, korongo na mteremko. Lakini ule mwanya wa chini katikati ya vilele viwili, unaomwezesha mtu kutoka bonde hili kuingia lile, wengi wetu tunauita "njia" tu, basi. Mimi nimeshika neno kipito, na ninawaomba waandishi wenzangu walitumie.

Nadhani mazoea yetu ya Kilimanjaro ndiyo yaliyotufanya tusilihitaji. Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake. Unaipanda, unaiteremka, unarudi nyumbani na cheti. Rwenzori si volkano. Ni bonge la miamba ya kale lililosukumwa juu wakati Bonde la Ufa la magharibi linadidimia, kisha barafu na maji vikalichonga hadi likawa milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Penye milima sita lazima pawe na vipito, na anayetaka kuizunguka safu hii atavivuka hata kama hana nia ya kugusa kilele chochote.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Wiki hii nimeona kwamba kipito ni pale milima inapokaribia kabisa kukutana, na binadamu wakaachiwa upenyo.

Mtu aliyenyamaza

Juu ya bonde la Bujuku kuna korongo lenye msitu wa senesio, mimea mikubwa kama migomba iliyozeeka, iliyojifunika majani yake makavu kuzunguka shina ili usiku wa jalidi usiugandishe utomvu. Mahali penye mwamba wima wameweka ngazi ya chuma. Ngazi ilikuwa imelowa na baridi yake ilipenya glavu. Baada ya hapo njia hugawanyika: kulia unaelekea kambi ya Elena na kilele cha Margherita, kushoto unaelekea Scott Elliot.

Katika kundi letu alikuwamo mwalimu wa shule ya msingi kutoka Moshi, mama mchangamfu ambaye siku tatu nzima alikuwa akitutajia ndege na maua. Juu ya ngazi akanyamaza. Sisi wenzake hatukugundua lolote. Kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo, mwenyeji wa milima hii aliyeanza kazi hii akiwa kijana, aligundua. Alisimamisha msafara, akachuchumaa mbele yake na kumwuliza kama kichwa kinauma, kama amekunywa maji, kama amekojoa tangu asubuhi. Kisha akamwomba atembee hatua kumi mguu mbele ya mguu, kama anayefuata mstari uliochorwa ardhini. Akatembea bila kuyumba. Kichwa kiliuma kidogo.

"Mwalimu," mzee akamwambia, "sasa wewe utatangulia. Mimi nitakuwa mbele yako hatua moja, na hawa wote watakuwa nyuma yako. Hakuna atakayekupita. Kichwa kikizidi, tunarudi Bujuku, na hakuna wa kukulaumu."

Ndivyo tulivyokwenda. Pumzi yake ikawa ndiyo kipimo chetu. Aliposimama, tulisimama, alipomeza maji, tulikumbuka na sisi kunywa. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na mwendo wake, wenye miguu mirefu wakisubiri juu na kuondoka mara tu wa nyuma walipowafikia, hivyo waliochoka zaidi ndio waliopumzika kidogo zaidi. Nimeyaona makosa hayohayo maofisini na hata katika nyumba zetu. Mzee aliyarekebisha kwa kubadilisha mpangilio wa foleni tu.

Hewa na maharage

Katika kimo cha mita 4,300 mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 60 ya ule wa pwani. Oksijeni ipo, ila kila pumzi huingiza pungufu, na mwili unahitaji siku kadhaa kujizoesha: kuhema haraka zaidi, kisha kuongeza chembe nyekundu za damu. Nguvu za misuli hazisaidii sana. Kijana mkimbiaji tuliyekuwa naye, mwenye afya kutuzidi sote, ndiye aliyetapika jioni ya siku hiyo. Ugonjwa wa kimo hauchagui mzembe wala hodari, na dawa yake ya kuaminika tangu zamani ni moja: kuteremka.

Kwa sababu hiyohiyo, maji kambini Kitandara, tulikolala baada ya kuvuka kipito, huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 86 badala ya 100. Chai huiva, maharage hukataa. Mpishi wetu anajua hilo kwa mikono yake: alikuwa ameyachemsha maharage yote huko chini kabla ya safari na kuyapandisha yakiwa yameiva, akayaunga kwa vitunguu juu ya jiko. Jioni ya Alhamisi, kando ya ziwa jeusi lililotulia kabisa, sijui kama nimewahi kula maharage matamu kuliko yale.

Barafu na matope

Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alikuja na msafara mkubwa, akafika kilele cha juu cha Stanley, mita 5,109, na kukiita Margherita kwa heshima ya malkia mama wao. Mpigapicha wake Vittorio Sella alibeba kamera nzito za wakati ule hadi barafuni, na picha zake zimebaki ushahidi. Wakati huo barafu ya Rwenzori ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Leo haifiki hata moja.

Tulipoteremka Scott Elliot kwenda Kitandara, njia ilipita chini ya kuta za Baker, juu ya mawe makubwa kama vibanda. Nilitazama juu nikitafuta weupe. Upande ule wote ulikuwa mwamba mtupu unaochuruzika maji. Wakonzo huita milima yao Rwenzururu, na nzururu kwao ni theluji; katika imani yao ya jadi, Kitasamba, mwenye milima, makao yake ni huko kwenye theluji. Nilimuuliza mzee itakuwaje theluji ikiisha. Alitembea kitambo kabla ya kujibu. "Jina litabaki," akasema, "na wajukuu watauliza lilitoka wapi."

Nililaani matope ya Rwenzori siku mbili mfululizo, nikazama hadi gotini kwenye kinamasi cha Bigo pale mbao za njia zilipokatika. Sasa nayaheshimu. Watafiti waliopima mto Mubuku walikuta kwamba sehemu kubwa mno ya maji yake hutokana na mvua, na mchango wa barafu ni mdogo. Kuvumwani, vinamasi na misitu ya juu hufanya kazi ya sifongo: hunyonya mvua na kuiachilia kidogo kidogo hadi mashambani Kasese, hadi ziwa George na ziwa Edward, na hatimaye Nile. Kuiaga barafu kunauma, na hakuna wa kuirudisha kesho. Matope bado tunayo, na kuyalinda kunawezekana.

Upande wa pili ni ndugu

Ijumaa tulivuka kipito cha pili, Freshfield, mita 4,282. Ukungu ulipasuka kwa muda usiozidi dakika kumi, tukaiona Kongo: misitu inayoshuka hadi upeo wa macho, upande wa Hifadhi ya Virunga. Mpaka wa nchi mbili umepita juu ya safu hii. Watu hawakukatika pamoja na nchi: Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu wa lugha na mila.

Mmoja wa wapagazi wetu ana shangazi Butembo. Kiswahili chake alikiokota kwake, na ndicho kilichotuunganisha sisi wa Moshi na Mombasa na yeye wa Kasese bila kupitia Kiingereza. Yeye husema "mulima", sisi tukasema "mlima", na kwa siku sita hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Majina yaliyobaki juu ya ramani

Chini ya Freshfield kuna Bujongolo, pango la wazi chini ya mwamba ulioinama, ambapo Duke wa Abruzzi aliweka kambi yake kuu mwaka 1906. Tulikula chakula cha mchana hapo. Moshi wa mioto ya zamani bado umetia weusi kwenye mwamba.

Niliikunjua ramani. Scott Elliot alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aliyefika hapa miaka ya 1890. Freshfield alikuwa mpanda milima Mwingereza aliyefika mwaka 1905. Majina ya wakuu wa Italia yametapakaa vileleni. Waliowabebea mahema, vyakula na kamera hadi chini ya mwamba huu, wengine miguu mitupu, walikuwa wengi kuliko hao wote. Katika kambi zote tulizolala, ni ya John Matte pekee iliyobeba jina la mtu wa Kikonzo.

Gambuti iliyofungwa kwa tyubu

Hapo Bujongolo ndipo nilipoitazama miguu ya kijana aliyebeba mkoba wangu. Rwenzori haitembewi kwa viatu vya kawaida. Kila mtu huvaa gambuti. Yangu ilikuwa mpya. Yake ya kushoto ilikuwa imepasuka kutoka kisigino hadi kwenye fundo la mguu, akaifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha mara tatu. Alipoivua kuimwaga maji, soksi ilikuwa na tundu na vidole vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Aliikamua soksi, akaivaa, akafunga utepe wake vizuri, akainua mkoba wangu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeutaja msemo huu tangu nikiwa shuleni, na siku tano nilikuwa mbele ya mzigo wangu mwenyewe bila kuona uzito wake mgongoni kwa mwingine. Tulikuwa tumeilipa kampuni ada yote, tukauliza kuhusu mahema, chakula na hali ya hewa. Kuhusu miguu ya wapagazi hatukuuliza hata swali moja. Kosa hilo ni letu pia, si la kampuni peke yake.

Kinachowezekana kinajulikana. Kilimanjaro kuna kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Kikomo hicho hakikuota kama uyoga. Kiliwekwa kwa sababu watu waliona aibu, wakasema. Mavazi na malazi yanahitaji sauti hizohizo, katika milima yetu yote.

Kabla ya kufunga

Narudi kwenye hesabu niliyoanza nayo. Alhamisi tulipofika juu ya Scott Elliot, mwalimu akiwa wa kwanza, tulikumbatiana na kupiga picha. Upepo ulikuwa mkali na hakukuwa na cha kuona isipokuwa mawe na ukungu. Baada ya dakika chache sisi wageni tukataka kuteremka. Mzee hakuondoka. Alisimama mgongo ukielekea upepo, akawa anahesabu kwa vidole kila aliyetokeza, hadi mpagazi wa mwisho, aliyebeba masufuria, alipopita. Akasema kwa sauti, "Kumi na tisa." Ndipo tukateremka.

Msomaji, ukipanga safari ya mlima mwaka huu, iwe Rwenzori, Meru, Kenya au Kilimanjaro, uliza mambo matatu kabla hujalipa: mpagazi atalipwa kiasi gani, atalala wapi, na atavaa nini mguuni. Usiporidhika na majibu, tafuta kampuni nyingine.