Moto wa Malta

Hapa Heru Juu likizo ni neno la walimu na wanafunzi. Mkulima wa maharage hana likizo. Ana msimu wa kupanda, ana msimu wa kuvuna, na katikati ana magonjwa na misiba. Ndiyo maana huwa sisimulii sana kwamba mimi, mtoto wa mkulima wa huku huku, niliwahi kwenda likizo ya kizungu kabisa: kutembea ufukweni, kupiga picha, kula samaki na kulala mchana.

Ilikuwa Agosti 2009, nikiwa masomoni Roma. Mwezi huo joto huwafukuza watu mjini, maduka mengi yanafungwa, na mwanafunzi asiye na nauli ya kurudi nyumbani hubaki na njiwa wa uwanjani. Padre mwenzangu Mtaliano akanionea huruma, tukapanda treni ya usiku kwenda Sicilia. Mimi nimezoea treni ya Kigoma, ile ya kufika ikifika, lakini sikuwahi kuona treni inayopanda meli. Pale Villa San Giovanni mabehewa yalikatwa mafungu mafungu, yakasukumwa ndani ya meli yenye reli, tukavushwa hadi Messina tukiwa bado vitandani. Kutoka hapo bahari ikawa kushoto kwetu, buluu ya kuumiza macho, na kulia mlima Etna ukifuka moshi.

Siracusa tulikaa siku tatu kama Mtume Paulo (Mdo 28:12), ingawa yeye hakuwa likizo. Kanisa kuu la pale zamani lilikuwa hekalu la Wagiriki, la mungu wao wa kike Athena. Nguzo zake zingali zimesimama ndani ya kuta, na watu wanasali kati yake bila wasiwasi wowote. Kisha tukachukua boti ya kasi kutoka Pozzallo, na kabla ya saa mbili kuisha tukawa Malta.

Malta ni nchi ndogo ya mawe ya rangi ya asali. Macho yangu yalikuwa yameshashiba uzuri. Kilichoshtuka ni masikio. Sokoni Valletta mama mmoja alikuwa akihesabu nyanya, nikasikia: sitta, sebgħa. Nikageuka nikidhani kuna Mswahili. Kumbe lugha yao imezaliwa na Kiarabu, na sisi tumeazima huko huko. Kitabu kwao ni ktieb. Mungu wanamwita Alla, na ni Wakatoliki wa siku nyingi. Kwaresima wanaiita Randan. Nilijiona nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani.

Siku ya pili tulipanda basi la njano hadi Ghuba ya Mtakatifu Paulo. Mbele ya ghuba kuna kisiwa cha mwamba mtupu, na juu yake sanamu nyeupe ya Mtume. Mapokeo yanasema merikebu yake ilivunjikia hapo. Tukakaa juu ya mawe, miguu majini, tukasoma sura ya 27 na ya 28 ya Matendo ya Mitume.

Sura hizo nilizisoma seminarini kwa ajili ya mtihani. Pale niliwaona watu. Chomboni walikuwa 276, wamepigwa na dhoruba usiku kumi na nne. Kati yao walikuwamo wafungwa, na askari walitaka kuwaua wasije wakaogelea na kutoroka, akida akawakataza. Wakafika nchi kavu, wengine wakielea juu ya mbao. Luka anasema wenyeji waliwasha moto, maana mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi. Hasemi kwamba waliulizwa kwanza wametoka wapi, nani mfungwa na nani askari. Moto ulitangulia maswali.

Maswali yalikuja baadaye. Paulo alikwenda mwenyewe kuokota kuni, na alipozitia motoni nyoka akatoka akamng'ang'ania mkono. Wenyeji wakasema huyu lazima ni mwuaji. Walipoona hafi, wakasema ni mungu. Walikosea mara zote mbili. Mgeni aliyekimbia ndivyo anavyoonekana, leo jambazi, kesho malaika, na ni mara chache anaonekana mtu tu aliyelowa. Lakini hata walipomdhania mwuaji, hakuna palipoandikwa kwamba walimfukuza motoni. Kundi lile lilikaa miezi mitatu, likaondoka limefungiwa mahitaji ya safari.

Nikafunga Biblia nimeridhika. Nilikuwa nimepata homilia.

Jioni ile tulingoja basi la kurudi Valletta. Mwenzangu alikwenda kununua maji, nikabaki peke yangu kituoni nimevaa fulana na kofia, bila kola ya kipadre. Vijana watatu weusi walikuwa wamekaa kando ya barabara. Miaka ile boti za kutoka Libya zilikuwa zikileta Malta Wasomali, Waeritrea na wengine. Mama mmoja aliyesimama karibu nami aliwatazama wale vijana, akanitazama mimi, akauhamisha mkoba wake bega la pili. Wakati huo huo kijana mmoja akatabasamu, akaniambia kwa Kiswahili cha Nairobi: "Mambo, ndugu yangu? Wewe ni wa kwetu?"

Nikamjibu kwa Kitaliano kwamba sielewi. Nilikisema vizuri, Kitaliano cha chuo kikuu, ili yule mama asikie.

Basi likaja, nikapanda. Nimeiungama habari hiyo zamani, lakini kuiungama kwa padre mmoja ni rahisi kuliko kuiandika gazetini. Petro naye alikana akiwa anaota moto.

Tarehe 8 Julai 2013 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Lampedusa, kisiwa cha Italia katika bahari ile ile, ikiwa safari yake ya kwanza ya kichungaji nje ya Roma. Alitupa shada la maua majini kwa ajili ya waliozama. Miezi mitatu haijaisha, tarehe 3 Oktoba, chombo kikazama karibu na kisiwa hicho, wakafa watu 368, wengi wao Waeritrea. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, nikasikia redioni. Nikajaribu kuukumbuka uso wa yule kijana, nikakuta ninachokumbuka zaidi ni rangi ya maji.

Nasi tuna maji yetu. Wamalta wanisamehe, lakini Ziwa Tanganyika asubuhi halina cha kuionea wivu Mediteranea. Kijiji cha Kagunga, mpakani na Burundi, kimekaa kati ya ziwa na milima iliyosimama wima. Mtu angeweza kwenda likizo pale. Mei 2015 Warundi makumi ya maelfu walirundikana kwenye ufukwe ule, kipindupindu kikaingia, na meli kuukuu ya Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Kutoka hapo waliletwa kwetu Kasulu, Nyarugusu, kambi ambayo Wakongo walikuwamo tangu 1996. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Hapakuwa na wa kujifanya haelewi.

Anayesema watu wa Kasulu na Kibondo ni wachoyo hajui historia. Wamepokea mwaka 1972, wakapokea 1993, wakapokea tena na tena. Wamechoka, na misitu imeumia, hilo nalikubali. Wakimbizi warudi lini na kwa masharti gani, hayo ni ya serikali na mashirika. Ila ugomvi wa kuni ni wa kwetu. Mkimbizi akipewa maharage, hayaivi kwa jua. Atatoka kutafuta kuni, na mwenye shamba atamkuta. Mimi naona fimbo haina nafasi hapo. Wazee wa pande mbili wakae, waonyeshane pa kuokota na pa kuacha, na wenye misaada walete nishati nyingine mapema, kabla damu haijamwagika kwa ajili ya mzigo wa kuni.

Juzi jumuiyani yalizuka maneno juu ya mwanamke wa kambini aliyekamatwa shambani na mzigo kichwani, akapigwa, na panga lake likachukuliwa. Nikawasimulia Malta, moto, na Paulo na kuni zake. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha baba mmoja akasema, "Padre, hao Wamalta walipokea merikebu moja."

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikawasimulia na ya kituo cha basi. Wakanyamaza. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani akauliza, "Na huyo kijana, alikuwa na pa kulala?"

Nikamwambia sikumwuliza. Sikumwuliza hata jina.