Ajali Haina Kinga?

Ajali haina kinga, husema watu; na katika majengo marefu yanayoinuka Nairobi na Mombasa msemo huu umegeuzwa kuwa pazia. Kibarua akianguka kutoka ghorofa ya nane, msemo humfikia kabla ya mkaguzi. Tajiri huutamka, nyapara huukariri, na maiti huzikwa pamoja na swali lililopasa kuulizwa: je, ukingoni mwa sakafu ile palikuwa na kizuizi?

Yako maneno mengine, mabaya zaidi kwa kuwa yamevaa joho la hesabu. Yasemwa kwamba mikanda, nyavu na vizuizi huchelewesha kazi. Hesabu hii ni ya uongo. Mtu asimamaye juu ya ubao unaotikisika, na chini yake mita 20 za hewa tupu, hafanyi kazi kwa mikono miwili: mmoja hushika mwiko, wa pili hushika nguzo. Mwajiri anayemnyima jukwaa imara hulipa nusu ya ujira kwa kazi ya kujishikilia.

Tazama San Francisco. Daraja la Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937, si jengo la ghorofa, lakini mafundi wake walifanya kazi katika kimo cha kutisha vile vile. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, alitaka wavu utandazwe chini yao, na gharama yake ikapita dola 130,000, fedha nyingi mno zama zile. Watu 19 waliangukia wavuni wakatoka hai. Kweli, Februari 1937 jukwaa zito liliuangukia wavu likaupasua, na watu 10 wakafa. Mpinzani asishangilie: msiba ule wadai jukwaa lililo bora, haudai wavu uondolewe.

Nalo Empire State Building la New York, lenye ghorofa 102, lilikamilika mwaka 1931 baada ya siku 410. Kwa hesabu rasmi walikufa watu 5, nami sithubutu kuiita idadi hiyo ndogo. Lakini mwendo ule haukuletwa na makelele ya nyapara. Vyuma vilifika kwa zamu, reli ndogo zilitandikwa ghorofani kubeba matofali, na mikahawa ikawekwa huko huko juu ili mtu asipoteze saa akishuka kula. Upesi ulizaliwa na mpango.

Kwetu mpango ni mgongo wa kibarua. Hupanda ngazi na karai la zege begani, hulipwa kwa siku, na siku asiyofanya kazi halipwi. Basi mbao zikilowa kwa mvua hupanda vivyo hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yaagiza kamati ya usalama popote penye wafanyakazi 20 au zaidi, na yakataza kumfukuza mtu aliyeondoka, kwa sababu ya haki, mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Maneno mazuri. Lakini kibarua wa siku hafukuzwi: kesho asubuhi, langoni, haitwi tu. Asiyeandikwa popote hana barua ya kuachishwa ya kupeleka mahakamani. Basi na tudai daftari kwanza, jina la kila mtu liandikwe kabla hajakanyaga ngazi, na mkaguzi alisome daftari hilo kabla ya kutazama ramani ya jengo.