Redio ya Gari: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya jiko na kliniki, tuzungumzie kitu kinachomeza fedha za nyumba nyingi hapa Mara bila mama kuulizwa: redio ya gari.

Magari mengi yanayopita kati ya Musoma, Bunda na Butiama, yawe Noah, Probox au IST, yameagizwa Japani yakiwa yameshatumika. Gari likifika nyumbani, redio haishiki stesheni. Baba anaambiwa redio ni mbovu, inunuliwe nyingine, pamoja na spika na sabufa kubwa. Huku ada ya shule inasubiri. Tufanyeje? Tupime kwanza.

Redio hiyo mara nyingi si mbovu. Nchini Japani redio nyingi za magari zilitengenezwa kushika FM ya megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hufika 95. Stesheni zetu zipo kati ya 88 na 108. Ni kama mtu aliyesimama mlango usio wa mgeni wake. Dawa ya bei nafuu ni kifaa kidogo kiitwacho ekspenda, kinachofungwa kati ya waya wa eriali na redio. Kazi yake ni kushusha mawimbi. Kile cha kushusha 16, kwa mfano, huifanya stesheni ya 100 ionekane kwenye 84. Lakini kwa redio inayoishia 90, ekspenda moja haiwezi kuleta stesheni zote. Basi andikeni namba za stesheni mnazosikiliza nyumbani, mumpe fundi, achague kifaa kinachozifikia hizo.

Sasa tupime sauti yenyewe. Gari likiwa limesimama, wekeni wimbo mnaoufahamu vizuri, hasa kwaya. Besi na sauti nyembamba ziwe katikati. Je, maneno yanasikika bila kukisia? Sauti ya kwanza na ya nne zinatofautika? Halafu pelekeni sauti kushoto peke yake, kulia, mbele, kisha nyuma. Spika iliyochanika itajitaja yenyewe kwa kukoroma. Mwisho, endesheni kwenye barabara ya vumbi. Mlango ukitetemeka, huenda ni plastiki au skrubu iliyolegea tu, na hiyo haihitaji spika mpya.

Stesheni ikipotea mkiwa njiani kwenda Butiama, washeni redio ndogo ya mkononi mahali hapohapo. Kama nayo inakwaruza, msilaumu gari. Mawimbi ya FM huzuiwa na vilima, na hufifia mtu anapokwenda mbali na mnara.

Ikionekana kweli panahitajika matengenezo, anzeni na spika mbili za mbele. Nyingi za kiwandani ni za karatasi nyepesi, na jua, vumbi na miaka huzichosha. Zinunuliwe za ukubwa uleule, na zenye omu sawa na zilizoandikwa nyuma ya zile za zamani. Nyumba nyingi zikifika hapo, hamu ya sabufa huisha. Redio yenyewe ibadilishwe ikiwa mnahitaji kuunganisha simu au ekspenda haitoshi.

Fundi naye aangaliwe. Asikate waya za gari, kwani zipo soketi za kuunganishia. Kama anafunga amplifaya, waya unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi karibu na betri. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari unaweza kuwasha moto. Tena, kabla hajachomoa betri, mwulizeni kuhusu redio hiyo. Baadhi ya redio za Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani.

Hapa sisi wauguzi tuna neno letu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Sauti ikifika desibeli 90, saa hizo 40 za mtu mzima hushuka hadi 4 tu. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa haziota tena, wala hakuna dawa ya matone ya kuzirudisha. Mtoto anayekaa kiti cha nyuma yuko jirani na spika na sabufa kuliko dereva, wala hajui kulalamika.

Kipimo cha nyumbani ni hiki: ikiwa lazima upaze sauti ili anayekaa kando yako akusikie, punguza. Mtoto akisema masikio yanavuma baada ya safari, au akianza kuuliza “Nini?” kila mara, mpeleke akapimwe.

Kabla fedha haijatoka, keti na baba watoto jioni moja ndani ya gari, mfanye vipimo hivi pamoja. Andikeni lililo bovu na lililo zima. Kwa karatasi hiyo mtamwambia fundi mnachotaka, na mtajua kiasi gani kinabaki kwa ajili ya ada.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.