Ragnarök ama Zelda? Zilibeba tuzo moja, lakini kwa mfuko wako ni vitu viwili tofauti kabisa

Wasee wa padi, leo tubonge kitu ya kukusaidia kabla utume doh kwa muuzaji. Desemba 2022, kwa The Game Awards, God of War Ragnarök ilibeba tuzo ya gemu bora ya aksheni-advencha. Mwaka uliofuata tuzo hiyo hiyo ikaenda kwa The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom. Ukizicheza zote mbili unajiuliza, kwani hawa majaji walikuwa wanapima nini? Ni kama mashindano ya kupika yamebebwa na pilau mwaka huu, mwaka ujao yabebwe na jiko.

Tuanze na Ragnarök. Ilitoka 9 Novemba 2022 kwa PS4 na PS5, na wiki ya kwanza pekee ikauza kopi milioni 5.1. Wewe ni Kratos, buda wa Sparta aliyemaliza miungu ya Wagiriki, sasa anaishi kwa theluji huko kaskazini na kijana wake Atreus. Kamera haikati. Kuanzia mwanzo hadi mwisho inawafuata kama shoti moja ndefu, so hakuna pahali unapata kupumua wakisumbuana.

Mapema tu, Thor anabisha mlango. Sahau yule wa sinema mwenye misuli ya kuchongwa. Huyu ana kitambi, anaingia, anaketi kwa meza ya wenyewe na kutoa pombe yake. Kratos hataki. Hakuna mtu anapandisha sauti, lakini manze, unashika padi kwa nguvu juu unajua ngori iko njiani. Gemu nyingi zingekurushia maadui 20 wakutishe. Hii inakutisha na mzee ameketi tu.

Halafu kuna Atreus. Kwa gemu ya 2018 alikuwa mtoi wa kubebwa kila mahali, sasa amebalehe, anamdanganya mzae na kutoroka keja kusaka majibu yake mwenyewe. Kama ushawahi kuingia nyumbani saa nane usiku ukitembea na soksi, hii stori inakujua. Christopher Judge, sauti ya Kratos, alipewa tuzo ya uigizaji mwaka huo, na alistahili (hotuba yake ya kushukuru ilikuwa ndefu hadi ikawa kichekesho, lakini hiyo tumuachie).

Kitu inaniudhi ni hii: ukikwama kwa fumbo sekunde chache, mwenzako anaanza kukupea jibu. Jamani, niachieni nifikirie! Gemu imeamua safari itaenda vile, na wewe ni abiria wa kiti cha mbele. Mtazamo ni mzuri kinoma, ila usukani sio wako.

Sasa Zelda. Tears of the Kingdom ilitoka 12 Mei 2023 kwa Nintendo Switch, ikauza kopi milioni 10 kwa siku tatu. Link, huyo unayemcheza, haongei. Stori iko, Ganondorf yuko, binti mfalme amepotea, lakini ukweli usemwe, hakuna mtu anacheza hii gemu juu ya maneno.

Unapewa nguvu inaitwa Ultrahand. Unashika mbao, gurudumu, feni, roketi, unazigundisha na gundi ya kijani, na chochote umeunda kinafanya kazi vile kingefanya kazi. Mto uko mbele yako? Unda boti. Ama kata miti uunganishe daraja refu la ujinga. Ama panda juu ya mlima uruke na ile parashuti yako. Gemu haikuulizi. Kuna viumbe vidogo vinaitwa Korok, vimebeba mizigo mikubwa, vinalia ufikishe kwa rafiki yao. Unafaa kusaidia. Watu wakavifunga kwa roketi wakavirusha angani, na Nintendo haikuweka kitu yoyote ya kukataza. Ukiwa na kichaa ya kutosha, unaweza shuka kutoka kisiwa cha kwanza uende moja kwa moja kwa Ganondorf. Utachapwa, lakini mlango uko wazi.

Wasee wengi hulia juu ya silaha kuvunjika, na ni kweli inachosha. Unapata upanga mzuri, unapiga mazimwi watatu, kwisha. Lakini nadhani hapo ndipo gemu inakufunza mchezo wake: chukua fimbo, gundisha jiwe, songa. Yaani jua kali tupu. Picha nayo, Switch ni mashini ya 2017, so mambo yakiwa mengi kwa skrini inachechemea. Ukitoka kwa Ragnarök ya PS5 utaona tofauti na macho yako yatalalamika siku mbili tatu.

Basi doh. Zote zilitoka na bei ya dola 70 (Ragnarök ya PS4 ilikuwa 60), yaani Sh9,000 na kitu. Stori ya Ragnarök unaimaliza kwa kama saa 25, Zelda ni kama 60 na bado hujaona nusu ya ramani. Ukihesabu hivyo tu, Zelda imeshinda. Lakini ya Ragnarök diski inazunguka. Unamaliza, unauza, ama unabadilishana na msee wa ploti ya pili. PlayStation wako nayo wengi mtaani, Switch utatafuta mwenzako hadi uchoke.

Na kuna kitu kingine hatuibongi vya kutosha. Kenya haiko kwa orodha ya nchi ambazo Sony imeruhusu akaunti za PSN. Wengi wetu tumejisajili kama watu wa nchi zingine. Ragnarök ilipofika kwa kompyuta Septemba 2024, ilidai akaunti hiyo, so kwa Steam ya huku haikuuzwa. Januari 2025 Sony ikasema akaunti itakuwa hiari. Poa, lakini ona vile tulichelewa, na sio kwa kukosa pesa.

Ndio maana mimi bado nasema nunua kitu unashika. Tears of the Kingdom ya Switch imekaa yote ndani ya ile kadi ndogo, GB 16 hivi, unachomeka unacheza bila bando. Ragnarök ya PS5 ni zaidi ya GB 80. Kuishusha na intaneti ya simu ni kujitafutia kesi na mwenye keja. Na chunga hii: baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani, ni ufunguo tu wa kukuruhusu uishushe. Uliza kabla ulipe. Na kama PS5 yako ni ile haina pahali pa diski, usikubali kuuziwa Ragnarök ya sanduku, hata ikiwa bei ya kutupa.