Mwizi au shujaa?
Ukitazama na wanao filamu ya Robin Hood ya mwaka 1991, ile ya Kevin Costner, ubishi haukosi. Mmoja atasema shujaa huyo, amewagawia maskini. Mwingine, mwizi ni mwizi tu. Usiwakemee. Waulize kwanza: mali ile ilitoka kwa nani? Liwali wa Nottingham aliwakamua wanavijiji. Kisha wasogeze nyumbani: Wajerumani walimwita Bushiri bin Salim mwasi, wakamnyonga Pangani Desemba 15, 1889, sisi watu wa pwani twamhesabu shujaa. Ila waonye mapema: anayevunja duka la jirani usiku haondoi dhuluma yoyote. Anaongeza nyingine.