Mbwa akiburuta miguu, usimtuhumu jirani

Msomaji wangu wa Kemondo unayefuga German Shepherd wa ulinzi, akifikisha miaka minane hivi na kuanza kuburuta miguu ya nyuma bila dalili ya maumivu, usikimbilie kusema jirani amemlisha sumu. Upo ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo. Mwaka 2009 watafiti waliuhusisha na hitilafu ya jeni iitwayo SOD1. Aliye hatarini zaidi ni mbwa aliyeirithi kwa baba na kwa mama. Hauambukizi, huenda polepole kwa miezi, na hauna tiba.

Lakini akipooza ndani ya siku chache, huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite daktari wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha wahi hospitali.

Nashauri hivi: unaponunua mtoto wa mbwa, usiulize habari za wazazi tu. Ugonjwa huu hujitokeza wakati mbwa ameshazaa. Uliza babu na bibi zake walizeekaje. Ukoo wenye historia hiyo usizalishwe.